Gesi au umeme? Ushauri kwa jiko na maji ya moto ya Makunduchi

Kusi likishika na kipupwe kikaingia, Makunduchi, kusini mwa Unguja, hakuna anayewasha moto ili ukumbi upate joto. Madirisha hufungwa, shuka nzito hutolewa kabatini, na hapo mambo yamekwisha. Baridi yetu inajulikana kwenye ndoo ya kuogea. Maji yaliyolala usiku kucha kwenye tangi la juu ya paa humliza mtoto wa skuli kabla hayajamgusa, na mama hana budi kuamua: ayatie kwenye birika la umeme, ayateleke kwenye gesi, au arudi kwenye mafiga na kuni.

Uamuzi huo unarudiwa kila siku ya Mungu, pamoja na mwenzake mkubwa zaidi, nao ni chakula kipikwe kwa moto gani. Watu wengi huuliza kwa jumla, gesi na umeme kipi bora? Swali likiulizwa hivyo halijibiki, kwa sababu jiko moja lina kazi nyingi, na kila kazi inakula moto kwa namna yake. Msimamo wangu ni huu: maji ya kuoga yasipashwe kwa gesi kabisa, vyakula vya kuchemka muda mrefu vipewe umeme, na gesi ibaki kwa kazi fupi za moto mkali na kwa siku ambazo umeme haupo. Sababu zake nitazieleza moja moja, na hesabu nitaiweka wazi ili kila mtu aifanye kwa bei ya kijijini kwake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Gesi asilia inayosifiwa redioni, ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982, haimo kwenye mtungi unaoununua dukani. Ile husafiri kwa bomba. Bara, baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara zimeunganishwa nayo, na mwenye nyumba huko anayeweza kuipata asiiache. Unguja bomba hilo halijafika. Ya mtungini ni gesi ya mafuta, propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje, na bei yake inapanda na kushuka kwa soko la dunia na thamani ya shilingi yetu. Ajabu ni kwamba gesi ya Songo Songo tunaitumia vilevile, ila inatufikia ikiwa umeme: inachomwa kwenye mitambo ya Ubungo na Kinyerezi, inaingia gridi ya taifa, inapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, linaisambaza mpaka huku kusini. Tangu Februari 2024 gridi hiyo inapokea pia umeme wa maji wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mradi wa megawati 2,115.

Sasa hesabu. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la karibu uniti 13 za umeme. Lakini kwenye jiko la kawaida la gesi karibu nusu ya joto hilo hupita pembeni ya sufuria na kupotea hewani. Jiko likiwa uani na upepo wa Kusi unavuma, hupotea zaidi ya hapo. Kwa hiyo kinachoingia kwenye chakula ni uniti sita na kitu. Umeme nao hauingii wote. Birika la umeme linapoteza kidogo sana, kwa sababu koili imezama ndani ya maji. Jiko la umeme la koili hupoteza robo au hata thuluthi. Ukichukua wastani, kilo moja ya gesi inafanya kazi ya uniti 8 hivi.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi. Chukua bei ya mtungi, ongeza na nauli uliyolipa kuufikisha nyumbani, gawa kwa kilo za gesi iliyomo, kisha gawa tena kwa 8. Halafu chukua risiti yako ya Tukuza, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, gawa fedha uliyotoa kwa uniti ulizopata, maana humo kodi na makato yote yamo tayari. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mtungi wa kilo 6 umekufikia kwa shilingi 24,000. Kilo moja ni shilingi 4,000, na ukigawa kwa 8 unapata 500. Ikiwa uniti yako inakugharimu chini ya 500, umeme ni rahisi kuliko gesi. Ikizidi, gesi ndiyo rahisi. Usiifanye hesabu hii kwa bei ya mjini. Makunduchi ni zaidi ya kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe, na mtungi hauji kwa miguu yake. Umeme haulipi nauli.

Hesabu hiyo ni ya moto kwa moto. Yapo majiko yanayoivuruga kabisa, na hapa ndipo watu wengi wa kwetu hawajapewa habari kamili. Mtafiti wa Norway, Tanja Winther, alikaa Uroa, pwani ya mashariki, akichunguza kilichobadilika umeme ulipoingia kijijini, na kitabu chake kilitoka mwaka 2008. Taa zilipokelewa kwa mikono miwili, televisheni ikabadili jioni za watu. Kupikia umeme hakukupokelewa hivyo. Wanawake wengi waliendelea na kuni na mkaa, na ladha ya chakula ilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na gharama. Wanawake wale walikuwa na haki. Jiko walilolijua ni sahani ya koili, ambayo inachelewa kupata moto, inachelewa kupoa, na haina kaa la kupalia juu ya mfuniko wa wali wa nazi. Mpishi mzuri hawezi kuambiwa aache kupalia kwa sababu ya hotuba ya nishati safi.

Jiko la presha la umeme ni kitu kingine. Ni sufuria iliyofunikwa kwa nguvu ndani ya kasha linalozuia joto lisitoke, na koili yake ikishafikisha moto unaotakiwa hujizima na kujiwasha yenyewe. Nusu kilo ya maharage huiva humo kwa chini ya nusu uniti. Kwenye koili ya wazi maharage hayohayo huweza kupita uniti moja na nusu. Hapo gesi haifui dafu, hata umeme ukipanda bei. Pweza, ambaye akina mama wetu wanamtoa kwenye miamba maji yanapotoka, analainika humo bila mtu kukaa naye. Kunde, choroko, makande, supu ya mifupa, ngano ya bokoboko, vyote vya kuchemka na kungoja, ni kazi yake. Na mama anayeingia mwani asubuhi anaweza kuteleka maharage akaenda zake, jambo ambalo halifai kufanywa kwa gesi, na kwa kuni haliwezekani.

Chapati, mandazi, samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina, vitunguu vya kukaanga vya mwanzo wa mchuzi: hizo zipe gesi. Moto unauona kwa jicho, unaupandisha na kuushusha papo hapo, na kazi inakwisha kabla kilo haijapungua sana. Kupalia wali, endelea kwa vifuu. Vifuu vichache vya siku havimalizi msitu.

Kuhusu jiko la sumaku, lile la kioo laini ambalo halionyeshi moto, ni jiko zuri na halipotezi joto jingi, lakini uliza kwanza sufuria zako ni za nini. Za alumini, ambazo ndizo zimejaa majikoni mwetu, hazifanyi kazi juu yake. Chukua kisumaku kidogo, kibandike chini ya sufuria. Kisiponata, jiko hilo litakulazimisha ununue vyombo vipya, na gharama hiyo iingize kwenye hesabu kabla hujatoa fedha.

Tuje kwenye maji, ambayo ndiyo sehemu inayopoteza fedha nyingi bila watu kujua.

Ndoo ya lita 20 ya maji ya kisima au ya mfereji, kuitoa kwenye ubaridi wake wa kawaida mpaka joto la kuogea vizuri, inataka thuluthi moja ya uniti. Ni kidogo. Lakini piga ndoo sita, yaani nyumba ya watu sita kila mmoja na ndoo yake kwa siku, na uzipashe kwa gesi: utatumia gramu 300 hivi kila siku, na mtungi wa kilo 6 utakwisha ndani ya wiki tatu kabla hujapika hata chai. Nyumba nyingi zinazolalamika kuwa gesi haikai, zichunguze maji yao kwanza. Kazi hiyohiyo kwa umeme ni uniti mbili na ushei kwa siku, na chombo chake kizuri ni birika. Chemsha lita mbili mpaka zitokote, tia kwenye ndoo, ongeza tena lita mbili, changanya na ya baridi. Hakuna joto jingi linalopotea njiani, na birika linajizima.

Kuna wanaotamani bomba la manyunyu la umeme, linalopasha maji yanapopita. Raha yake naielewa. Lakini kifaa cha kilowati tano na nusu, mtu akikaa chini yake dakika nane, kinakula karibu robo tatu ya uniti, yaani zaidi ya mara mbili ya ndoo. Tena kinataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, waya mnene, si kuungwa kwenye soketi ya pasi. Tangi la hita la lita 50 nalo linataka uniti mbili kulifikisha nyuzi 60, na likiachwa limewashwa mchana kutwa linaendelea kula umeme hata kama hakuna aliyeoga. Anayelo asilivunje; aliwashe saa moja kabla ya kuoga, kisha alizime.

Na jua je? Makunduchi iko nyuzi sita na kidogo kusini ya ikweta. Jua lipo karibu mwaka mzima, halidaiwi na mtu. Dumu jeusi la lita 20, likilazwa chali mahali pasipo kivuli na pasipopigwa na upepo tangu saa nne asubuhi, maji yake yanafaa kuogea ifikapo saa kumi. Hilo halina gharama yoyote, na watoto wakioga alasiri badala ya alfajiri, sehemu kubwa ya tatizo imeondoka. Mwenye nyumba ya wageni huku kwetu, au Jambiani na Paje, afikirie hita ya jua ya juu ya paa badala ya kutundika hita ya umeme kila chumba. Wageni wake wanaoga kila siku, na kifaa chake kitajilipa. Ila maji yetu yanatoka ndani ya jiwe la matumbawe, yamejaa chokaa, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Achague aina ambayo maji ya kuoga hayapiti moja kwa moja kwenye mirija inayopigwa na jua, la sivyo ukoko utaiziba.

Ukoko huo haubagui. Ukiona ndani ya birika lako ganda jeupe, hilo ni chokaa, na linapozidi kuwa nene umeme unatumika zaidi na koili inaungua mapema. Tia maji na siki, au kamulia ndimu za kutosha, chemsha, acha yapoe, suuza. Fanya hivyo mara kwa mara. Birika linalotunzwa namna hii linaishi miaka. Lisilotunzwa linakufa katika msimu mmoja.

Nyumba yenye mzazi ina hesabu nyingine. Maji ya kumkanda yanatakiwa yawe ya moto kweli, mengi, asubuhi na jioni mpaka arobaini, na mara nyingi yamechemshwa na majani. Majani yasitiwe kwenye birika wala kwenye hita. Hapa mimi sina ugomvi na kuni: chungu kikubwa, mafiga ya uani, mkunga anajua kazi yake. Mwenye jiko la umeme la koili anaweza kuyachemsha hapo pia. Ukitumia gesi, itaishia kwenye maji hayo, na mzazi akose moto wa kupikiwa uji usiku.

Usalama sasa, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Chombo cha gesi cha kupashia maji kisifungwe bafuni. Mahali penye hewa finyu moto wa gesi hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulegea akafa bila kujua kinachomuua. Mitungi nayo: gesi yake ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda na kabati. Mtungi ukae wima, nje kama inawezekana, kwenye kivuli, mpira ukipita ukutani. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya imetiwa makusudi ili tuijue ikivuja. Ukiinusa, fungua milango, funga koki, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Kutafuta uvujaji tumia povu la sabuni kwenye maungio, kamwe usitumie kiberiti. Hewa ya chumvi ya pwani inakula vyuma, kwa hiyo kagua regyuleta na kitako cha mtungi, na badilisha mpira ukianza kupasuka. Jiko lenye paa la makuti lisiwe na mwali wa gesi chini yake. Na unaponunua, mtake muuzaji auweke mtungi kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, ongeza kilo 6, jumla isipungue.

Umeme una hatari yake, na kwa Makunduchi hatari hiyo imo ardhini. Nyumba zetu zimejengwa juu ya mawe. Chuma cha ethi kinachopaswa kuzama kwenye udongo wenye unyevu mara nyingi kinagonga mwamba, fundi anakikata kifupi, anakifukia, anaondoka. Taa zitawaka vizuri tu, kwa sababu taa hazihitaji ethi ili ziwake. Siku utakapounganisha birika la chuma au hita ya maji, na waya ukavuja, umeme utakuwa hauna njia ya kushuka isipokuwa mwili wako, na mwili huo una maji na umesimama kwenye sakafu ya saruji. Mtake fundi aipime ethi kwa kifaa, si kwa macho. Ikishindikana mahali pamoja, zichimbwe sehemu mbili tatu zenye udongo, karibu na mgomba au mahali yanapomwagika maji, ziunganishwe. Ongeza breka inayokata umeme ukivuja. Ile hita ya fimbo inayotumbukizwa kwenye ndoo ya plastiki siipendekezi kwa nyumba yenye watoto hata kidogo. Na anayeitumia asiguse maji kabla hajaichomoa ukutani.

Wapo watakaoniambia: na umeme ukikatika? Wana haki ya kuuliza. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme, na kuanzia Desemba 2009 giza likarudi kwa karibu miezi mitatu. Wakati huo tulitegemea kebo moja ya megawati 45 iliyowekwa mwaka 1980. Mwaka 2013 iliongezwa kebo ya pili, ya megawati 100, kwa msaada wa Marekani, na hali ya leo si ile. Lakini kijiji kilicho mwisho wa njia ya umeme huwa cha kwanza kuonja umeme mdogo jioni, hasa Ramadhani kila nyumba inapoandaa futari kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo chemsha vya kuchemka mchana, umeme ukiwa na nguvu, na mtungi mdogo wa gesi usikose nyumbani.

Limebaki jambo la mfuko, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Fedha ya mwani, ya samaki na ya kamba za makumbi haiji kwa mwezi. Inakuja leo kidogo, wiki ijayo kidogo. Umeme unaununua kwa kiasi ulicho nacho mkononi. Mkaa na kuni vilevile. Mtungi unataka fedha zote kwa mara moja, na ukiisha siku mfuko ni mtupu, familia inarudi kwenye moshi, mtungi unabaki pambo pembeni ya jiko. Nimeona mitungi mingi ya namna hiyo. Anayetaka kuitumia gesi na aitengee fungu lake kila anapouza, na aitumie kwa kazi zake tu, ili imfikishe msimu hadi msimu.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kitu kimoja mwaka huu, anunue jiko la presha la umeme, lakini kwanza amlete fundi wa ethi. Mtungi wa kilo 6 ufuate mwani ukilipa. Dumu jeusi alitoe juani kesho asubuhi.